Nguruwe pori yumo shambani kwako, lakini si wako

Vijana wengi mnaolima mahindi jirani na mapori mnaniuliza hivi: "Bwana shamba, nguruwe akiingia shambani kwangu, si ruksa kumwinda?" Hapana. Hati inakupa haki ya kutumia ardhi. Mnyamapori ni mali ya umma popote alipo, na kumwinda kunataka leseni, hata kama amesimama katikati ya mahindi yako.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu kuua ukiwa unajihami au unalinda mali. Ila lazima utoe taarifa kwa ofisa wanyamapori, na mzoga si wako. Ukiupeleka jikoni, utahesabika jangili kama wengine. Mitego ya waya ndiyo usiiguse kabisa.

Sasa mipaka, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela. Unaweza kukuta shamba lako, kisha ardhi ya kijiji, kisha eneo la WMA, halafu pori la akiba, vyote ndani ya mwendo wa saa moja. WMA ni ardhi ya vijiji, lakini imeshatengwa kwa wanyamapori. Mwenyekiti akikukatia ekari kumi humo, amekuuzia kesi. Pori tengefu nalo, kwa sheria hiyohiyo, halilimwi. Pori la akiba ulizia TAWA, msitu wa serikali kuu TFS, hifadhi ya taifa TANAPA.

Kabla ya kulipa, dai kuona ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kisha tembea mpaka wote kwa miguu, pamoja na mtendaji, majirani na askari wa wanyamapori. Tafuta bikoni. "Mpaka ni ule mbuyu" si jibu, na korongo huhama mvua zikiwa kubwa. GPS ya simu inakosea kwa mita kadhaa. Inakuonyesha uelekeo, haimalizi ugomvi.

Na pima umbali. Kwa kanuni za mwaka 2011, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halipati kifuta jasho mazao yakiliwa. Wenye kusifia bei ya chee ya mashamba hayo hawakuambii hilo! Ukiwa nje ya hizo mita, malipo yana kikomo cha ekari tano, kwa hiyo mwenye ekari arobaini asiyaweke kwenye bajeti. Toa taarifa kijijini mapema, na usilime upya kabla uharibifu haujakaguliwa.