Kwenda kuuona mji si utalii

Mtu akipata kazi Ujerumani, akasema kwamba kabla ya kuhama angependa kwenda wiki moja kuuangalia mji, haachi kusikia maneno: kazi umeshapewa, unachunguza nini tena, au unatafuta kisingizio cha kutembea? Maneno hayo yananikera kwa sababu yanadhani mtu huhamia nchi. Mtu huhamia mtaa, kituo cha basi na foleni ya ofisi fulani, na katika nchi yenye majimbo 16 hayo hayafanani hata kidogo.

Chukua nyumba. Mambo ya kwetu, ya dalali na kodi ya miezi sita, mnayajua. Kule tangazo hutaja kwanza kodi “baridi”, yaani kabla ya gharama za kupasha joto na huduma nyingine, na dhamana inaweza kufika kodi hiyo ya miezi mitatu. Kisha unafungua mlango wa jikoni: ukuta mtupu, mabomba mawili yaliyozibwa, waya unaning'inia darini. Sinki hakuna, jiko hakuna, kabati hakuna. Mpangaji aliyetoka kang'oa vyake kaondoka navyo, au yuko tayari kukuuzia. Dalali wa Dar es Salaam ana vituko vyake, lakini hajafikia kumwambia mtu kwamba sinki nalo limehama. Juu ya hayo, ukishaingia unatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba. Aliyejibanza chumba cha mtu asiyetaka kutoa karatasi hiyo hajiandikishi, na barua yenye namba yake ya kodi ya mapato haina pa kufikia.

Wataniambia yote haya yamo mtandaoni. Sheria zimo, kweli, mtaa haumo. Ujerumani ndiko ambako kaya zaidi ya 240,000 ziliiomba Google itie ukungu nyumba zao, na picha za barabarani zilizowekwa 2010 zilikaa bila kufanywa upya hadi 2023. Hoja ya gharama ina uzito zaidi: viza ya Schengen peke yake ni euro 90, mbali na nauli, na huenda wakakunyima. Asiyemudu simlaumu. Lakini anayemudu apige hesabu ya dhamana ya miezi mitatu iliyokwama kwenye nyumba asiyoitaka, ndipo aniambie safari ipi ni ghali. Na kama mji umechaguliwa na mwajiri, bado vitongoji na miji ya jirani yenye treni ni vya kuchagua mwenyewe.

Ila tuseme ukweli, mwenye watoto ndiye hasa anayepaswa kwenda. Berlin ilifuta ada za chekechea 2018. Kwingine kwingi wazazi bado wanalipa, na nafasi ni ya kugombea. Hilo dogo. Berlin mtoto hukaa shule ya msingi miaka sita, Bavaria minne tu, kisha watoto wa miaka kumi wanagawanywa katika shule za aina tofauti. Huko Bavaria, kuingia moja kwa moja shule ya kuelekea chuo kikuu kunahitaji wastani wa 2.33 au bora zaidi katika Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii na mazingira, na kule 1 ndiyo alama ya juu. Atakayesema kuna nafuu kwa watoto wageni, kuna siku za majaribio, na njia za kuvukia baadaye, hakosei. Ila njia hizo zinamtaka mzazi azijue, naye bado anahangaika na sinki. Mtoto wa darasa la nne anayetua Munich, Bavaria, Septemba bila Kijerumani, cheti chake cha mgawanyo hutoka Mei inayofuata. Mtoto huyo huyo akitua Berlin, ana miaka karibu mitatu mbele yake, na mshahara wa baba au mama huenda ni ule ule.