Je, Wajua? Umri wa Gramafoni ya Babu
Je, wajua kwamba aliyerithi gramafoni ya mkoba kwa babu yake huko Webuye, mji ulioitwa Broderick Falls zama za ukoloni, aweza kuukadiria umri wa mashine hiyo kwa nambari ya muundo, kwani gramafoni ya kampuni ya HMV nambari 101 ilitoka mwaka 1925, na 102 ikaifuatia mwaka 1931? Santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zilipigwa kwa mashine za namna hiyo. Katika kuitunza mashine hiyo, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja wa santuri umalizikapo, maana ikishasagika huichimba mifereji ya santuri (na sindano, kwa hakika, ni rahisi kuliko santuri). Kamani nayo ilegezwe kabla ya kuhifadhi. Ama spiriti, hiyo ni hasimu wa santuri inaposafishiwa: shelaki iliyoziunda, gundi ya wadudu wa Bara Hindi, huyeyuka humo.