Rangi Zilizo Chini ya Maji ya Tanganyika

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaomba muingie majini pamoja nasi. Hapa Kabuga hakuna ziwa kubwa karibu, lakini familia nyingi zinazosoma gazeti hili zilitoka Uvira, Baraka, Fizi ama Kalemie. Ziwa Tanganyika tunalijua. Tuseme ukweli, tunalijua kwa juu tu: pirogi, wavu, taa za wavuvi wa ndagala usiku, na mukeke kwenye sahani. Kule chini wachache sana wamefungua macho. Na watoto waliozaliwa kambini, hata huko juu hawajapaona.

Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi. Ni ziwa la pili duniani kwa kina. Lakini viumbe wake hawakai kote. Ukishuka chini ya mita 200, hewa haimo tena ndani ya maji na samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzuri wote iko kwenye ukanda mwembamba karibu na ufuko, hasa kwenye mawe, pale maji ni safi na mwanga unafika.

Wageni wa zamani walishangaa. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona humo mnyama laini, mviringo, kama mwavuli mdogo wa plastiki, jamaa ya yavuyavu wa baharini. Kulikuwa na konokono pia wenye magamba kama ya baharini. Mwingereza J.E.S. Moore alikuja kuchunguza, na mwaka 1903 akatoa kitabu akisema ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki huku ndani. Kumbe sivyo. Wale ni wa maji baridi, waliobadilika polepole humo humo kwa mamilioni ya miaka mpaka wakafanana na wa baharini.

Sasa, ukitazama kwenye mawe unaona nini? Kwanza kamba wadogo, wengi hawapiti urefu wa kidole, mwili wao unapitisha mwanga kama kioo. Pwani ya bahari kamba wadogo wa namna hii wanaitwa uduvi. Hawa wanakwangua ule utelezi wa kijani ulio juu ya mawe, na samaki wengi nao wanawala wao. Hata mukeke anawala kamba. Kuna kaa pia, wanajificha kwenye nyufa za mawe.

Halafu samaki wa rangi: njano, bluu, weusi wenye mkanda mwekundu. Kuna zaidi ya aina 200 za jamii moja, na karibu wote hawapatikani pengine popote duniani. Wengine wamefanya gamba tupu la konokono kuwa nyumba yao. Wengine mama anabeba mayai na watoto mdomoni wiki kadhaa, akiona hatari anawafungia ndani. Wako wale wanaokaa kwenye mawe tu, kuvuka mchanga hawapendi. Basi kila ufuko wa mawe una rangi yake, kama vile kila kijiji kina namna yake ya kusema.

Rangi hizo zinatoka wapi? Samaki hawezi kujitengenezea mwenyewe ile njano na nyekundu yote. Anaipata kwenye chakula: ule utelezi wa kijani, na kamba walioula. Na rangi ina kazi. Jike anamtambua dume wa aina yake kwa rangi.

Hapo ndipo shida inapoingia. Miti ikikatwa mlimani na shamba likilimwa bila kinga, mvua inashusha udongo mpaka ziwani. Tope linafunika mawe, utelezi unakufa, kamba wanakosa chakula. Watu wa sayansi walipolinganisha fuko za Tanganyika katika miaka ya 1990, waliona kwamba penye tope jingi aina za viumbe zilikuwa chache. Na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo jingine kwenye Ziwa Viktoria: maji yakichafuka, jike haoni rangi vizuri, aina zinachanganyika, na rangi zenyewe zinafifia. Hakuna aliyewavua samaki wale mpaka wakaisha. Wamepotea kwa sababu ya kutoonana.

Mtu atauliza, sisi wa Kabuga inatuhusu nini? Inatuhusu. Maji ya mvua ya hapa hayaendi Tanganyika. Yanashuka Nyabarongo, yanaingia Akagera, yanafika Ziwa Viktoria. Ule wekundu mnaouona mtoni baada ya mvua ni udongo wa mashamba ya watu. Ukienda, mkulima amepoteza, na samaki naye amepoteza. Basi hata mwenye kipande kidogo cha bustani nyuma ya nyumba, achimbe mtaro wa kukinga maji, apande majani pembeni yanayoshika udongo. Siyo kazi ya pesa.

Wazazi, tuna ombi moja tena. Ninyi mliovua, mliouza ndagala, mliooga kwenye yale mawe, mnajua majina ya samaki ambayo hayamo katika vitabu vya shule. Watajieni watoto jioni, kwa lugha yenu, pamoja na umbo na rangi. Watoto waandike kwenye daftari na kuchora, kisha walete darasani. Mtoto anaweza kukua mbali na ziwa lake. Lakini asipojua kilichomo, siku kikipotea hataweza hata kusema ni nini kimepotea.