Miguu ikiisha nguvu, mweleze mganga ulikopita

Miguu ikiwa mizito, ganzi ikipanda hadi kiunoni, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ndani ya uti wa mgongo mna mshipa mkuu wa fahamu. Ukibanwa, kuchelewa hupunguza nafasi ya kutembea tena.

Mganga hufikiria kwanza kifua kikuu cha mifupa, na ni haki yake, maana katika nchi zetu huonekana mara nyingi: mgongo huuma kwa miezi, kisha huota kibiongo. Lakini ziko sababu za nadra, na hapo maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza.

Chukua kichocho. Je, umelima mpunga Muganza au Bugarama, au umeoga kwenye mifereji ya bonde la Rusizi, iwe upande wa Burundi au Kongo? Vijidudu vya konokono hupenya ngozi majini, huwa minyoo na kutaga mayai kwenye mishipa ya matumbo. Mara chache mayai hayo hupotea njia, hufika kwenye mshipa wa fahamu, nao huvimba. Miguu huweza kulegea kwa siku chache tu. Eksirei itaonyesha mifupa mizima, na choo huenda kisionyeshe mayai. Hilo halimalizi shauri. Utapelekwa kupimwa damu, maji ya mgongo, na MRI huko Kigali. Wengi huogopa sindano ya mgongo, lakini huchomwa chini ya mahali mshipa unapoishia. Usijitibu kwa vidonge vya praziquantel vya kununua: huhitajika pia dawa ya kupunguza uvimbe, kwa uangalizi wa daktari.

Sema pia kama hunywa maziwa mabichi. Brusela huleta homa, jasho na maumivu ya mgongo, na katika picha hufanana na kifua kikuu, ila dawa zake ni tofauti.

Kwa mtoto, angalia taya. Uvimbe unaokua haraka unaweza kuwa saratani ya Burkitt, ambayo nayo huweza kubana mgongo. Hutibika kwa dawa. Rwanda ina kituo cha saratani Butaro tangu 2012.

Mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo asibebwe mgongoni wala kwenye baiskeli. Mlazeni chali kwenye machela au ubao.