Hawa bakteria wanakula dawa ya machungwa!

Ushawahi kujiuliza mbona chungwa la dukani hukaa wiki kadhaa bila kuoza? Kabla ya kupakiwa, mengi huoshwa kwa dawa ya kuua kuvu, kama vile thiabendazoli. Noma ni yale maji: dawa hiyo hudhuru viumbe wa mtoni na hukaa udongoni muda mrefu.

Basi huko Ugiriki, watafiti walichota udongo pale pale maji hayo yalipomwagwa. Ndani yake walipata bakteria, Sphingomonas, wanaoivunjavunja dawa hiyo na kuila. Wamejaribu pia kuyachuja maji hayo polepole kwenye tabaka la udongo uliochanganywa na mabua.

Wewe unayeota kuuza maparachichi ng'ambo, usiulize bei tu. Uliza: maji ya kuoshea yataenda wapi?