Lugha Kabla ya Hojaji: Mbinu za Utafiti Nyanjani Kibera na Kawangware

Utangulizi

Utafiti wa nyanjani ni nguzo ya masomo ya uzamili katika taaluma za lugha na jamii. Mjini Nairobi, mitaa ya Kibera na Kawangware imekuwa kwa miaka mingi kama maabara ya wazi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya humu nchini na vya ng'ambo. Aghalabu wanafunzi hao hufika wakati wa likizo ndefu, wakiwa na hojaji mkononi na majuma machache ya kukamilisha kazi. Makala haya yanafafanua mambo matatu ambayo kozi yoyote ya mbinu za utafiti haina budi kuyazingatia kabla ya mwanafunzi kutumwa huko: lugha, takwimu na ridhaa. Inadaiwa hapa kwamba mambo hayo hayatenganiki, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa pekee katika kuyashughulikia.

Lugha

Taaluma ya Ubudha inatoa mfano wa kufaa. Maandiko ya dini hiyo yamehifadhiwa hasa katika Kipali, Kisanskriti, Kichina na Kitibeti. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wengi wa uzamili katika taaluma hiyo hutumia likizo ya kiangazi kujifunza lugha hizo, kwa mfano katika kozi za Kitibeti zinazotolewa na Taasisi ya Rangjung Yeshe mjini Kathmandu, Nepal. Mwanafunzi anayetegemea tafsiri ya Kiingereza pekee hahesabiwi kuwa ameyasoma maandiko yenyewe.

Mtafiti wa Kibera, kwa upande mwingine, mara nyingi huruhusiwa kufanya kinyume. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza chuoni, kisha msaidizi huifasiri papo hapo mlangoni pa mhojiwa. Madhara yake si madogo. Mhojiwa akiulizwa, "Nyumbani ni wapi?" huenda akajibu Kakamega au Siaya, kwani kwa wakazi wengi wa Nairobi nyumbani ni mashambani alikozaliwa mtu au wazazi wake, chumba anachokikodi mjini ni nyumba tu. Vivyo hivyo, mtu anayeamka alfajiri kwenda mjengoni kutafuta kibarua anaweza kusema hana kazi, maana kwake kazi ni ajira yenye mshahara wa mwezi. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lililopotoka ni swali, na kosa hilo halirekebishiki kwa kuongeza idadi ya wahojiwa.

Isitoshe, Kiswahili sanifu si lugha ya pekee ya mitaa hii. Jina Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani waliohudumu katika jeshi la Waingereza na kupewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha yao, ambayo ni krioli yenye asili ya Kiarabu, ilichunguzwa na Bernd Heine katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1982. Kawangware nako, upande wa Dagoretti, Kiswahili huzungumzwa bega kwa bega na Kiluhya, Gikuyu na lugha nyinginezo. Juu ya hizo zote kuna Sheng, ambayo Abdulaziz na Osinde waliiandikia makala yanayorejelewa sana ya mwaka wa 1997.

Hapa ndipo kitendawili kilichoelezwa na William Labov kinapojitokeza: mtafiti anataka kujua namna watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, ilhali hana njia ya kujua hilo pasipo kuwachunguza. Kijana akimwona mgeni mwenye kinasasauti, huenda akaiacha Sheng na kusema Kiswahili cha darasani. Dawa ya hali hii ni muda. Mtafiti anapaswa kukaa, kusikiliza na kuzoeleka, naye hawezi kuyatimiza hayo kwa ziara ya siku mbili.

Takwimu

Kwa muda mrefu, tasnifu na ripoti nyingi zimerudia kwamba Kibera ina wakazi milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu watu 170,070. Uchunguzi wa Amélie Desgroppes na Sophie Taupin, uliochapishwa mwaka wa 2011, ulikadiria takriban watu 200,000. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Kibra ilikuwa na watu 185,777, lakini mipaka ya kaunti ndogo si lazima ilingane na mipaka ya mtaa kama wakazi wanavyoijua.

Inawezekana kudai kwamba sensa huwakosa baadhi ya watu, hasa wapangaji wanaohamahama. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kunakili milioni moja pasipo kuuliza ilihesabiwa na nani, lini, na ndani ya mipaka ipi. Uhakiki wa vyanzo ambao mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kuutumia kwa miswada ndio huo huo anaopaswa kuutumia kwa takwimu.

Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera walishiriki katika mradi wa Map Kibera, wakatembea mtaani na vifaa vya kupimia mahali, wakaandika njia, vyoo, shule na zahanati katika ramani huria. Kabla ya hapo, ramani nyingi za umma ziliuacha mtaa huo kama eneo tupu. Tukio hilo linaonyesha kuwa wakazi wanaweza kuwa watafiti, si wahojiwa tu.

Ridhaa

Nchini Kenya, mtafiti huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inalinda habari za kibinafsi za wahojiwa. Hata hivyo, leseni ya serikali si ridhaa ya mwenye nyumba. Katika mitaa ambamo mashirika ya misaada pia hubisha hodi na karatasi za maswali, mhojiwa anaweza kukubali kwa kudhani kwamba majibu yake yataleta karo au chakula. Ridhaa ya namna hiyo ina kasoro, na majibu yanayotokana nayo yana kasoro pia.

Kwa hivyo, fomu ya ridhaa iandikwe kwa maneno yanayoeleweka: "Una hiari ya kukataa. Ukikataa hutapoteza chochote. Ukikubali hutalipwa wala kupewa msaada." Matokeo nayo yarejeshwe mtaani, katika baraza, kwa lugha ya wenyeji. Watu walioulizwa mara nyingi bila kuona tunda la majibu yao wana haki ya kuchoka.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu yake kwa lugha ambayo mkazi wa Laini Saba au wa Gatina anaweza kuisoma, na pia kuikosoa. Hiyo ni fursa, na ni mtihani vilevile. Idara za Kiswahili zingefanya vyema kutenga sehemu ya kozi za mbinu za utafiti kwa ajili ya kuunda, kufasiri na kujaribu hojaji pamoja na wakazi wenyewe, kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza hana budi kujifunza kwanza namna ya kuuliza.