Anayekimbiza Gari Ni Nani?

Tafiti za usalama barabarani katika nchi nyingi zinaelekea kukubaliana: wanaovuka kikomo cha mwendo mara nyingi zaidi ni vijana, na wanaume kuliko wanawake. Wengi wao hujiona mahodari kupita madereva wengine, na huamini kwamba kila mtu anakimbiza kama wao.

Hayo yalijulikana kwa kuwahoji madereva, kupima mwendo wa magari na kupekua kumbukumbu za makosa na ajali. Likajitokeza na kosa la hesabu tulilonalo karibu sote: tunadhani kukimbia kunaokoa muda mwingi. Katika kipande cha kilomita 20, anayepandisha mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 anaokoa dakika 3 tu. Foleni ya mizani inazimeza zote. Kwa upande wa pili, wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Tusikimbilie kumhukumu kila kijana, maana huo ni wastani wa wengi. Tena kazi yenyewe humsukuma mtu. Dereva wa daladala huamka na hesabu ya tajiri kichwani, yaani fedha anazotakiwa kumpelekea mwenye gari. Mpaka itimie, kila abiria aliyesimama kituoni ni wa kuwahiwa kabla gari la nyuma halijafika. Kumpa dereva huyo semina na kuiacha hesabu vilevile hakutoshi.

Kenya imetupa sababu ya kutumaini. Matatu za masafa marefu, zilizochaguliwa kwa nasibu, zilibandikwa ndani stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Katika jaribio la kwanza madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio la pili, kubwa kuliko hilo, lilipata punguzo la robo hadi theluthi: dogo kidogo, lakini la maana. Ieleweke kwamba madereva walioziacha stika mahali pake waliingizwa kwenye bahati nasibu ya zawadi, kwa hiyo karatasi peke yake isitegemewe.

Basi mama uliyempakata mtoto, mwanafunzi unayerudi shule, mvuvi unayewahi mnada: gari likianza kukimbizwa, msinyamaze. Semeni mapema, na semeni wengi: “Dereva, punguza mwendo.”